Swali Nililomuuliza Ramadhani

Ninaikumbuka vizuri asubuhi moja ya Maganzo, mwanangu, kwa sababu niliiandika. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimeishia darasa la saba, na nilikuwa najisomesha mwenyewe kwa kila karatasi iliyopita mkononi: magazeti ya kufungia maandazi, vitabu vya dini, hata maelekezo ya pampu ya maji. Mfukoni nilikuwa na daftari dogo. Nikisikia jambo, naandika siku, nani kasema, kasema nini. Wenzangu walinitania wakiniita karani. Nililipenda jina hilo kuliko nilivyoonyesha.

Tulikuwa bandani kwa Mama Kulwa, tunakunywa chai kabla ya kwenda kwenye mashimo ya almasi. Redio ikatangaza kwamba kiongozi wa magaidi, yule ambaye watu wake walilipua masoko na mabasi katika nchi za mbali, ameuawa vitani. Askari walimfuata mpaka kwenye nyumba alimojificha. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona. Nchi yenyewe tusingeweza kuionyesha kwenye ramani. Hata hivyo banda lilichangamka kana kwamba ameuawa hapo jirani, Mwadui.

Hilo ndilo lililonishika. Mmoja alipiga makofi. Mwingine alisema ni uongo, atatokea tena baada ya mwezi. Kijana mwenzangu, Masanja, alitaka kujua walitumia bunduki gani. Mama Kulwa aliuliza kama mama wa mtu huyo bado yu hai. Nikajiuliza: habari ni moja, mbona kila mtu ameipokea kwa namna yake? Nikatoa daftari, nikaanza kuwapitia mmoja mmoja pembeni, kwa adabu. "Shikamoo mzee. Umeipokeaje habari hii?" Niliwauliza watu kumi na mmoja, nikaandika majibu yote.

Wa kumi na mbili alikuwa Ramadhani. Alitoka Tabora, alikuwa Mwislamu pekee katika kundi letu, na ndiye aliyeshika chekeche. Nikueleze kazi hiyo, maana siku hizi vijana wengi hawaijui. Kokoto zikioshwa, mshika chekeche huzizungusha majini mpaka mawe mazito yakusanyike katikati, kisha hulipindua chekeche juu ya gunia. Jicho lake ndilo la kwanza kuiona almasi, kama ipo. Kwa hiyo kazi ile mtu hapewi kwa sababu ya nguvu. Anapewa kwa sababu anaaminiwa. Mzee Shija, mwenye shimo, alikuwa amemwamini Ramadhani kwa miaka minne.

Yeye sikumwita pembeni. Nilimwambia pale pale alipokaa, kwa sauti ya kusikika, "Na wewe, kaka Rama, umefurahi au umesikitika?"

Ramadhani alinitazama, kisha akawatazama wote waliokuwa wamegeuka kumtazama.

"Nimesikia kama mlivyosikia," akasema. Akaacha chai nusu, akachukua chekeche lake, akaondoka.

"Mwacheni," Masanja akasema. "Kafiwa huyo."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, na hilo sikuliandika.

Kufika mchana jina lilikuwa limeshika: Mfiwa. Hakuna aliyemtukana. Mtu akimpa ndoo ya maji anasema, "Pole na msiba, Mfiwa," na wengine wanainamisha vichwa kuficha kicheko. Siku ya pili walianza kukaa mbali naye wakati wa kula. Siku ya tatu Mzee Shija alimpa mtu mwingine chekeche. Alisema kwa upole, kwa kuwa alikuwa mtu mpole, mzee wa kigango, yaani kiongozi wa kanisa letu dogo la pale. "Pumzika kidogo, Rama. Watu wanasema hawaujui moyo wako."

Ramadhani hakubishana. Jioni tukasikia anafunga mizigo yake aende Geita, kwenye mashimo ya dhahabu. Huko hakuna aliyemjua. Angeanza upya kwa kubeba viroba vya mawe, naye alikuwa amekaribia miaka arobaini.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa Mama Kulwa. Hakunimiminia chai.

"Ng'wanawane," akaniita, ndiyo mwanangu kwa Kisukuma, "lete hilo daftari. Mimi sijui kusoma, nisomee. Masanja ulimuuliza nini?"

"Umeipokeaje habari hii."

"Mzee Shija?"

"Umeipokeaje habari hii."

"Mimi?"

"Vilevile, mama."

"Na Rama?"

Kidole changu kilisimama kwenye mstari. Swali lilikuwa mbele yangu, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na siku zote tatu sikuwa nimeliona.

"Soma. Au macho yanauma?"

"Umefurahi au umesikitika."

"Ahaa. Sisi ulituacha tuseme. Yeye ulimpa mtihani. Akisema amefurahi, mtasema anaogopa. Akisema amesikitika, mtamfukuza. Sasa angejibu nini?"

Nilianza kueleza kwamba sikuwa na nia mbaya.

"Nia yako sijaiuliza," akasema. "Nimekuuliza angejibu nini."

Akanielekeza kwa kijiko cha chai upande wa chumba alichopanga Ramadhani. "Nenda kamuulize kama ulivyotuuliza sisi."

Nilimkuta anafunga godoro kwa kamba. Hakuinua macho.

"Umekuja kuandika?"

"Nimekuja kukuomba radhi, kaka. Na kukuuliza upya, kama nilivyowauliza wengine. Habari ile uliipokeaje?"

Alikaza fundo, akakaa juu ya godoro.

"Nilisikia vita, nikawaza dizeli," akasema. "Huko kukichafuka, huku dizeli inaadimika. Pampu inalala, na mimi nachekecha kwa maji ya ndoo. Nilikuwa naufikiria mgongo wangu. Haya, andika."

Nikaandika. Nikamwomba asiondoke mpaka kesho. Hakuniahidi.

Kesho yake, watu walipojaa bandani, nilisimama na daftari nikasema nitasoma majibu yote kumi na mawili bila majina, nao waseme la Ramadhani ni lipi. Walipenda mchezo huo. Nilipofika kwenye jibu lililosema, "Mtu akifa mimi sishangilii, awe nani. Namwonea huruma mama yake," Masanja hakunisubiri nimalize.

"Hilo hapo. Mfiwa huyo."

Wengi wakaitikia. Nikaendelea. Nilipofika kwenye la dizeli walicheka, wakasema hilo la Mzee Shija, nani mwingine anaiwazia pampu kuliko mwenye pampu?

Mzee Shija alikuwa kwenye benchi la mwisho. Alikohoa kidogo. "Hilo la huruma ni langu," akasema. "Nililisema nje, karibu na baiskeli yangu."

"Na la dizeli?" Masanja akauliza.

"La Rama," nikasema. Kisha nikawaambia kosa lilikuwa langu tangu mwanzo, nikawasomea swali nililowauliza wao na lile nililomuuliza yeye.

Halafu mtu wa nyuma akasema taratibu, "Kumbe mfiwa ni mzee wa kigango."

Mzee Shija alicheka peke yake, kicheko kifupi. Akachukua baiskeli, akaenda mwenyewe kwa Ramadhani. Waliyozungumza sikuyasikia. Mchana Ramadhani alikuwa majini, ameshika chekeche, na hakuna aliyemwita Mfiwa tena.

Ningependa kuishia hapo, lakini daftari haliniruhusu. Tulifanya kazi pamoja miaka miwili zaidi. Katika miaka hiyo, kila saa ya taarifa ya habari ilipofika, Ramadhani aliinuka na chai yake akaenda kuinywea nje, kabla mtu hajapata nafasi ya kumgeukia. Chekeche nilisaidia akarudishiwa. Ile raha ya kukaa na watu na kusikiliza redio, hiyo sikuweza kumrudishia.

Juzi tena, mwanangu, imetangazwa kwamba kiongozi mwingine wa magaidi ameuawa vitani, na simu zimejaa. Mmoja anashangilia, mwingine anabisha, mwingine yuko kimya. Usiache kushangaa kwa nini watu hupokea jambo moja kwa namna nyingi hivyo. Mimi bado nashangaa na bado naandika. Aliyefiwa na watu wake kwa mikono ya wale wauaji ana haki ya kupumua, na mwenye huruma ana haki ya huruma yake. Lakini usimdai mtu furaha ili akuthibitishie kwamba ni mwenzako. Ukiuliza, wote waulize swali moja, kwa sauti moja, mahali pamoja. Ukiona dini ya mtu au kabila lake limelibadilisha swali mdomoni mwako, lirudishe kabla halijatoka. Na likishatoka, lisahihishe mbele ya watu wale wale waliolisikia, mapema, kabla mwenzako hajazoea kukaa nje.

Mungu akujalie masikio mapana na ulimi wa taratibu. Akupe marafiki watakaokujibu bila hofu, na popote utakapokaa na watu, asiwepo anayeinuka kwa sababu yako.