Mfungo wa Mayai ya Kuchemsha

Nianze na aibu yenyewe ili nisiwazungushe: mimi ndiye yule mtu mzima, baba wa watoto wawili, mtumishi wa umma anayetembea na kitambulisho shingoni, niliyevua shati mbele ya waumini wote kule Mlali siku ya Jumapili, tena povu likinitoka mdomoni. Mkitaka kucheka chekeni, nimeshazoea, ila mnisikilize mpaka mwisho, maana kila ninayemsimulia ananikatisha katikati na kuniuliza, "Sasa Bonge, kwa nini hukusema tu?"

Kusema tu. Eti kusema tu!

Mwezi wa saba nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo. Nilikuwa na kilo mia moja arobaini na mbili, presha juu, na magoti yaliyonilalamikia kila nikipanda ngazi za ofisi pale Mtumba, mpaka daktari akaniambia nichague, ama mfuko wa chakula upunguzwe ama wanangu waanze kunizoea kwenye picha. Wakakata, wakaniachia kipande cha ukubwa wa ndizi moja, wakanipa na masharti: kula kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku, anza na yai au samaki au nyama laini, tafuna mpaka iwe uji, usinywe maji pamoja na chakula, sukari uikimbie, na ugali (hapo mtaalamu wa lishe alinitazama kwa huruma, alishajua mimi ni Mgogo) usizidi vitonge viwili vidogo.

Aliyejua ni mke wangu tu, Joyce. Wengine sikuwaambia, na sijuti kwa wale wa ofisini, maana kilo zilipoanza kushuka kila mtu alinipangia ugonjwa wake, mmoja akanishika bega kwenye korido akaniambia nisikate tamaa, siku hizi dawa zipo. Ukiwa mnene wanakuita tembo, ukipungua wanakuzika. Hakuna siku hata moja mwili wako utakuwa wako.

Ikafika Desemba, likizo, tukaenda kupumzika kwa wakwe zangu Mlali. Sasa hapa lazima mnielewe. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawapigi soga. Mnasalimiana kwa mbali, macho chini, mengine yote yanapitia kwa mke. Kwa miaka kumi na moja mimi na yule mama hatukuwahi kuongea zaidi ya salamu. Lakini alikuwa akinipikia. Siku ya kwanza nilipokaribishwa pale nilimaliza jogoo mzima na ugali wake, nikamsikia huko jikoni akicheka kwa furaha, na tangu hapo kila nikienda anapika kama anayelisha kijiji, nami namaliza, na Joyce huwa anasema mama yake hajawahi kumpenda mkwe mwingine namna ile. Kila kitu kati yetu kilikuwa juu ya sahani. Nyinyi mniambie, ningeanzaje kusema kwamba nimelipa hela nikakatwe mahali pale pale alipokuwa akiweka upendo wake?

Tulifika Alhamisi mchana. Sinia likaletwa: ugali wa uwele, mlenda, na jogoo mzima, wamekaa baba mkwe (mzee wa kanisa, mtu wa heshima zake) na shemeji yangu Yohana ambaye tayari alikuwa ananikagua kuanzia kola mpaka mkanda. Joyce alishanisihi njia nzima niseme ukweli. Nikafungua mdomo niuseme, kikatoka hiki:

"Mnisamehe wazee wangu, niko kwenye mfungo. Siku tatu, mpaka Jumapili."

Yaani mimi, ambaye kanisani huwa nakaa karibu na mlango ili niwahi kutoka. Nilitegemea wataitikia na kuondoa sinia, yaishe. Wapi! Baba mkwe aliweka mkono kifuani, machozi yakamlenga, akasema amekuwa akiniombea nimjue Mungu tangu siku ya harusi. Kabla ya jioni mwinjilisti wa pale alikuwa ameshafika kunisalimia, akauliza ninafunga kwa ajili ya nini, na kwa kuwa mvua ilikuwa imechelewa na mashamba yote tuliyopita njiani yalikuwa yamelimwa yanasubiri, nikajibu kwamba ninaombea mvua. Hapo ndipo nilipojinunulia kesi.

Kwa sababu mtu mwenye tumbo kama langu hawezi kufunga. Asipokula kidogo kidogo anaanguka. Kwa hiyo nikawa naenda kujifungia kwenye gari langu chini ya mkorosho, vioo juu, kwamba naomba, kumbe nakula mayai ya kuchemsha ambayo Joyce alikuwa ananipitishia ndani ya kitenge kwa uso wa mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Mara tano kwa siku. Watu walipita karibu na gari wakinyata. Yohana, shemeji yule yule wa kunikagua, alikuwa anawafukuza watoto kwa kunong'ona, "Tokeni hapa, mjomba yuko na Mungu." Nami ndani huko nimeinamisha kichwa, natafuna yai mpaka liwe uji kama nilivyoelekezwa.

Ijumaa usiku Joyce akaniambia jambo lililonifanya nikose usingizi. Mama yake naye alikuwa amefunga. Tangu Alhamisi ile ile, maji matupu, mwanamke wa miaka sitini na nane anayeamka alfajiri kwenda shamba. Alikuwa amesema haiwezekani mkwe wake ashinde njaa kwa ajili ya mashamba ya watu, halafu yeye ale. Nikamwambia Joyce amkataze. Akanijibu, "Nimkataze nikisema nini, Baba Neema? Nimwambie wewe unakula mayai?" Kisha akageukia ukutani.

Ningesema kesho yake jioni. Nilishaamua, nawaapia. Lakini Jumamosi saa nane mchana mawingu yakajikusanya upande wa milimani na mvua ikanyesha, mvua ya kweli, mpaka mifereji ikajaa. Nani angeenda kukiri kwenye mvua ile? Watu walikuja kunishika mkono. Kuna bibi mmoja aliyetaka nimwekee mkono kichwani, nikamwekea, Mungu anisamehe.

Jumapili baada ya ibada wakatandika mikeka nje ya kanisa kwa ajili ya mimi kufungua mfungo. Baba mkwe alichinja beberu. Mama mkwe, ambaye na yeye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu Alhamisi, alikuwa ameamka kunipikia kwa mikono yake, hakutaka msaada, na sahani ile aliileta mwenyewe akipiga goti, macho chini, ugali umepanda kama kichuguu na nyama juu yake. Mwinjilisti akasema hakuna atakayegusa chakula kabla yangu. Kanisa zima likasimama kunitazama nikila.

Nikala. Tonge la kwanza kubwa, kwa aibu, maana dogo lingeonekana dharau. La pili. Kipande cha nyama nikakimeza bila kutafuna vizuri kwa kuwa watu walikuwa wanasubiri, na hapo hapo nikahisi kimekwama katikati ya kifua kama jiwe. Jasho likanitoka. Mate yakajaa mdomoni mazito, meupe, nikajaribu kumeza hayaendi, nikainuka kukimbia nyuma ya kanisa sikufika, nikatapika pale pale mbele ya viatu vya mwinjilisti, kisha nikapiga magoti povu linanitoka.

Halafu nikasikia sauti ya mzee mmoja nyuma, si kwa ukali, kwa utulivu kabisa: "Chakula hiki kapika nani?"

Nyinyi mliozaliwa mjini huenda mkadhani hilo ni swali tu. Pale kila mtu alijua maana yake. Matonge mawili na kinyama kimoja, mtu aliyeleta mvua anaanguka anatoa povu, na aliyepika hakutaka mtu mwingine ashike mwiko. Nikawaona watu wakisogea nyuma, polepole, mpaka mama mkwe akabaki peke yake kwenye mkeka wake na kitambaa cha kunawia mkononi. Hata wale aliokuwa anaimba nao kwaya walisogea. Mwinjilisti akaanza kukemea pepo. Nikapandwa na hasira ambayo sikuwahi kuipata maishani, hasira kwa yule mzee na swali lake, kwa watu wanaoweza kumtupa mama yao ndani ya dakika moja, na zaidi kwa mpumbavu mmoja aliyekuwa amepiga magoti pale na mayai yake.

Nikavua shati. Nikawaonyesha makovu yangu matano nikasema yote, nikipaliwa: upasuaji, ndizi, gari, mayai. Nikasema mvua sikuiomba hata kwa neno moja, na kwamba kama kuna mtu alifunga Mlali nzima, ni huyu mama mnayemkimbia. Baba mkwe alikaa chini kwenye mkeka akafunika uso. Yohana alicheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye. Yule mzee mwenye swali lake aliondoka bila kumwomba mtu radhi, na mpaka leo hajaomba, na mpaka leo nikimkumbuka damu inachemka.

Jioni nilikuwa nimekaa peke yangu nje ya nyumba. Mama mkwe akaja, akasimama hatua chache kutoka kwangu, bila kumtuma Joyce, mkononi ana bakuli la uji. Akanyoosha kiganja chake.

"Nionyeshe," akasema. "Kiasi gani kinakutosha?"

Nikamwonyesha kwa vidole. Akavitazama, akaweka bakuli chini.

"Sikukupendea kula, mwanangu. Nilikuwa napika kwa kuwa sina ruhusa ya kuongea na wewe."

Nilimwomba msamaha, akaitikia, akanipimia vijiko vinne, akasubiri nimalize ndipo naye akaenda kula, na kilikuwa chakula chake cha kwanza tangu Alhamisi.

Kwa hiyo nimeapa. Nikikaribishwa popote, kabla sijakaa, nasema tumbo langu limekatwa, hiki naweza, hiki siwezi, atakayecheka acheke na atakayenizika anizike. Mimi mwenyewe nilishajisamehe kutapika na kuvua shati. Zile siku tatu yule mama alizoshinda na njaa akidhani tuko wawili, hizo bado sijaweza kujisamehe.