Risasi Ndogo ya Mama Gregori

Jina lake la ubatizo ni Genoveva, lakini mji mzima wa Woodbridge huku Amerika, yaani Waswahili wote wa hapo, walimwita Mama Gregori. Ndiyo desturi yetu: ukishazaa, jina lako linakwenda likizo na halirudi. Miaka yote hakuona ubaya wowote katika jina hilo. Lakini Jumamosi aliyokwenda kujifunza kupiga bastola, mwalimu alimwita Mama Gregori kila alipomwelekeza, shika hivi Mama Gregori, pumua Mama Gregori, na kila alipoitwa alihisi anafinywa. Mtu aliyekuwa anajifunza kumpiga ni Gregori.

Kabla hujamhukumu, kaa nikueleze. Kuhukumu hakuhitaji nauli, kila mtu anafika.

Gregori aliletwa Amerika kutoka Rombo akiwa na miaka sita. Alikuwa mtoto mwoga wa sindano. Siku ya chanjo za shule alishikilia sketi ya mama yake hadi kifungo kikakatika, naye Genoveva akamwambia, "Hesabu na mimi mpaka thelathini, mwanangu. Tukifika thelathini itakuwa imeisha." Wakahesabu, ikaisha. Tangu hapo kila penye maumivu walihesabu pamoja. Kiswahili kingine chote alikielewa lakini alijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa huku. Namba tu ndizo alizotamka mwenyewe.

Alipokua alipata kazi ya kupakia mizigo kwenye uwanja wa ndege wa Dulles. Mgongo ukamuuma, daktari akamwandikia vidonge vya maumivu. Daktari alipoacha kumwandikia, mtaa ukamwandikia. Sitaki kuyarefusha hayo, maana yamekwisha kusemwa mno na hayajamponya mtu. Akiwa na miaka ishirini na tisa, Gregori alikuwa mifupa ndani ya koti, analala pasipojulikana, na akiamka anaumwa mpaka apate unga wake.

Na mama yake je? Alificha. Jumuiya wakimuuliza, "Gregori hajambo?" alijibu kwamba hajambo, yuko Texas anaendesha lori. Lori hilo lilisafiri miaka mitatu bila kupata hata pancha. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na Genoveva alilia kweli, ila ndani ya gari, madirisha yamefungwa.

Kazi yake ilikuwa kuwahudumia wagonjwa majumbani. Mwaka huo alikuwa na mzee mmoja Mmarekani, anayekufa polepole kwa saratani. Dawa ya maumivu ya mzee, mofini ya maji, ilikaa ndani ya kisanduku chenye kufuli, na ufunguo ulikuwa shingoni mwa Genoveva. Gregori alilijua hilo. Alikuja mara ya kwanza akiomba kwa upole. Alikuja mara ya pili akasema mzee anakufa tu, kwa hiyo dawa inapotea bure. Mwezi wa tatu aliubamiza mlango kwenye mkono wa mama yake, vidole viwili vikavunjika. Mwezi wa nne alimkaba.

Aliyeona alama ni Chepkoech, nesi Mkenya ambaye husali naye kanisa moja.

"Hiyo scarf na joto lote hili ni ya nini? Toa nione." Alipoiona shingo alishika mdomo. "Aki woiye! Nani amekukaba hivi?"

"Gregori."

"Si Greg ako Texas?"

"Hakuna Texas, dada yangu. Hakujawahi kuwa na Texas."

Chepkoech alikaa chini. Hakumcheka, na kwa hilo Mungu ambariki. "Sikiliza, Mama Gregori. Nimework emergency miaka tisa. Mtu akikukaba mara ya kwanza akuache, ya pili ni jeneza. Si stori, tumeziona. Piga 911."

"Nikipiga, polisi watakuja. Watamkuta amechachamaa, kijana mweusi, haelewi anachoambiwa. Watampiga, na risasi zao ni kubwa."

Chepkoech ana wana wawili. Alimfunga ile scarf tena shingoni.

Hapo ndipo wazo lilipomwingia Genoveva. Risasi za polisi ni kubwa; je, hakuna ndogo? Alikwenda duka la silaha akasimama mbele ya kioo, mkoba umebanwa kwapani kama anayeogopa kuibiwa. Risasi zilikuwa zimepangwa kwa ukubwa. Ya mwisho ilikuwa nyembamba kama kipande cha penseli. Muuzaji alisema hiyo ni twenti-tuu, ya kupigia kindi na makopo, akacheka. Hakujua amesema neno ambalo mama huyu alikuwa analitafuta kwa machozi.

Vidole vyake navyo vilikubali. Bastola kubwa zilimshinda. Sehemu ya juu inayovutwa nyuma ili risasi iingie haikusogea hata kidogo katika mkono ule uliovunjwa. Ile ndogo ilivutika. Fimbo ya mbali haiui nyoka, akajisemea, na yeye hakutaka kumuua nyoka. Alitaka amtishe tu, amuumize kidogo, akimbie, aishi. Karatasi zikapita, bastola akaondoka nayo. Chepkoech alipoambiwa alinong'ona, "Umenunua mguu wa kuku? Wewe?" kisha akamtafutia mwalimu.

Mwalimu ni Mutai, Mkalenjin aliyewahi kuwa mwanajeshi wa hapa Amerika, mtu wa taratibu, asiyependa kelele ingawa anaishi kwa kelele.

"Unaogopa nani, Mama Gregori?"

"Wezi."

"Sawa. Sasa nikwambie ukweli wa hii ndogo, kwa sababu duka haliwezi kukwambia. Watu wanaidharau. Lakini inaua."

"Inaua?"

"Inaua vizuri sana, ila polepole. Hiyo ndiyo shida yake. Mwizi anaweza kupigwa na asisimame, akufikie, akumalize, halafu yeye naye afe hospitali jioni. Mnaenda wote wawili."

"Na nikimpiga mguu?"

"Hakuna mguu. Mtu akiogopa hapigi mguu, anapiga mahali mkono umeenda." Alimtazama kidogo. "Hakuna risasi ya kuumiza tu, mama. Kama hauko tayari kumwua huyo mtu, usiinue."

Genoveva alisikia. Alisikia kama unavyomsikia padri akikataza jambo ambalo umekwisha kuamua kulifanya.

Mutai alimfundisha na jambo jingine. Risasi kubwa, alisema, fataki yake, yaani kiwashio chake, iko katikati ya kitako. Hii ndogo fataki imepakwa ndani ya ukingo, kuzunguka, na mara moja moja kuna mahali haikufika. Pini ya bastola ikigonga hapo unasikia ta, basi. "Ikitokea, usichungulie mtutu. Inaweza kuchelewa ikalia baadaye. Elekeza mahali salama, hesabu mpaka thelathini, ndiyo uitoe."

Mpaka thelathini. Genoveva alisema amesikia.

Gregori alikuja Jumanne, saa mbili asubuhi, mwezi wa tano. Genoveva alikuwa ametoka kazini, anachambua maharage jikoni. Hakugonga. Alipiga mlango teke la kwanza, la pili, mnyororo ukang'oka na kipande cha mbao. Alikuwa anatokwa jasho na anatetemeka, na macho yake yalimpita mama yake kama anatafuta kitu nyuma yake.

"Ufunguo, Mom," alisema kwa Kiingereza. "Twende kwa mzee sasa hivi."

"Gregori, kaa nikupe chai."

"Sitaki chai! Nitakuua. Unanisikia? Naumwa, nitakuua."

Nyuma ya Genoveva, juu ya kaunta, palikuwa na kopo la unga wa ugali lisilo na unga. Aliingiza mkono akatoa bastola, akafanya alivyofundishwa, akainua. Vidole viwili vilivyovunjika vikamuuma. Gregori aliiangalia akacheka, kicheko kibaya, kikavu.

"Hiyo ni toi ya kuchezea, Mom."

"Rudi nyuma. Nakuomba, baba. Rudi nyuma."

Alimwita baba, kama alivyomwita alipokuwa anamnyonyesha. Gregori hakurudi. Alizunguka kaunta, mikono imetangulia, mikono ile ile ya mwezi wa nne, na vidole vikamgusa shingo kwenye kamba ya ufunguo. Mama huyu hakutafuta mguu. Mkono ulikuwa umekwisha kwenda mahali pake, kifuani mwa mwanawe, na akafyatua.

Ta.

Hakuna kilicholia. Friji iliendelea kunguruma. Wote wawili waliisikia ile ta, na Gregori alishusha mikono kana kwamba kweli amepigwa.

Hofu ina akili yake. Iliyomjia Genoveva haikuwa ya kuuawa tena. Ilikuwa kwamba kitu kile bado kinaweza kulia, na kinamwangalia mtoto. "Toka mbele!" alipiga kelele. "Toka mbele yangu, inaweza kulia bado!" Aelekeze wapi? Ghorofa ya chini walikaa mama wa El Salvador na mapacha wake. Ukuta wa kushoto, mzee wa kiti cha magurudumu. Dirishani, watoto wa basi la shule. Nyumba za kupanga hazina mahali salama, na Mutai hakulisema hilo. Katika kona palikuwa na gunia la mchele, nusu limeliwa. Akaligeuzia mtutu, akashika kwa mikono yote miwili, akaanza.

"Moja. Mbili. Tatu. Nne."

Gregori aliteleza akakaa sakafuni, mgongo kwenye friji, katikati ya maharage yaliyomwagika. Alikuwa anamtazama mama yake tu. Mama alipofika kumi na moja, midomo ya Gregori ikaanza kucheza. Kumi na tano ikatoka na sauti, sauti mbovu ya mtu mgonjwa, lakini Kiswahili.

"Kumi na sita," walisema. "Kumi na saba."

Walihesabu wote wawili, yeye amelenga mchele na mwanawe amekumbatia magoti, mpaka ishirini na tisa, mpaka thelathini.

"Imeisha, Mama?" Gregori aliuliza. Hakusema Mom.

"Imeisha."

Akavuta ile sehemu ya juu. Risasi ikaruka, ikabingirika hadi kwenye kiatu cha Gregori. Aliiokota akaigeuza kwenye mwanga. Kwenye ukingo wa kitako palikuwa na kovu dogo, mahali pini ilipogonga.

"Ulivuta," alisema, amerudi kwenye Kiingereza chake. "Ulinilenga mimi, ukavuta."

Angeweza kusema imeteleza. Angeweza kusema hakujua imejaa. Mwanamke aliyeendesha lori Texas miaka mitatu hakosi uongo.

"Ndiyo," alisema. "Wewe. Nilivuta."

Gregori aliitia risasi mfukoni, akainuka kwa kushika friji, akatoka. Mlango ulibaki wazi unaning'inia. Genoveva hakumwita. Alikaa mahali mwanawe alipokuwa amekaa, akaanza kuokota maharage.

Bastola alimpelekea Mutai siku hiyo hiyo na kumwambia ukweli wote. Mutai alishika kichwa. "Ningejua, nisingekuwa nakuita jina lile," alisema.

"Ingelia, angekufa?"

"Sijui, Mama... Sijui."

Wiki tatu hazikuwa na usingizi. Shingo ilikuwa salama; hakuna aliyegonga wala kuvunja. Alikuwa ameutaka utulivu huo kwa miezi, na ulipokuja ulimtafuna. Simu ya Gregori haikupatikana. Alitamani hata atukanwe. Kanisani alipiga magoti asijue aseme nini: akishukuru kwamba haikulia, ilibidi ataje kwamba alivuta. Kila king'ora barabarani kilikuwa cha Gregori. Chepkoech alimzungusha kwa gari, nyuma ya vituo vya mafuta, chini ya madaraja, hadi Bladensburg, Maryland, ambako mtu alisema amemwona. Hakuwa yeye. Wakirudi Chepkoech alimwambia, "Lakini wewe uko hai," na Genoveva akamwuliza kwa ajili ya nini.

Simu ililia Jumatano mchana, namba ya Maryland. Mwanamke, kwa Kiingereza cha taratibu, aliuliza kama hiyo ni namba ya Genoveva. Genoveva alikaa chini kwanza. Simu za namna hiyo hazipokelewi umesimama.

"Mimi ni nesi, katika nyumba ya kuwaachisha watu dawa," yule mwanamke alisema. "Tuna mtu anaitwa Gregori. Amekuja mwenyewe jana, kwa miguu. Ameniruhusu nikupigie."

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Anaumwa sana, lakini yuko hai. Nina swali. Tunapompokea mtu tunakagua mifuko yake, na kwake tumekuta risasi. Ndogo, haijalipuka. Lazima tuikabidhi polisi, naye hataki tuichukue. Anasema amepewa na mama yake. Ni kweli?"

Uongo ulimjia, mzoefu, umekwisha kuvaa viatu. Genoveva alitazama gunia la mchele kwenye kona. Tangu siku ile hakuwa amechota hata punje.

"Ni kweli," alisema. "Ni yangu. Nilimpa mimi."

Upande wa pili ikasikika kalamu ikiandika. "Na wewe nikuandike nani wake?"

"Mama Gregori," alisema kwa Kiswahili. Nesi hakuelewa, akamwomba ataje herufi moja moja, naye akazitaja.