Fisi wa Ama Tekla

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, kijijini kwetu Karatu, watu waliamini kwamba Ama Tekla anafuga fisi. Ama ndivyo sisi Wairaqw tunavyomwita bibi. Alikuwa mjane, anaishi peke yake juu ya korongo, na shamba lake la mahindi lilishuka hadi ukingoni. Kwetu mchawi hapandi ungo, anatuma fisi. Watu walisali rozari vizuri tu, na bado waliamini hivyo.

Baba yangu alikuwa mchinjaji. Kila siku ya mnada, jua likielekea kuzama, kazi yangu ilikuwa kubeba uchafu wa matumbo kwenye debe na kuumwaga korongoni. Uliganda chini, kwa hiyo niliinamisha debe na kuligonga kwa fimbo mpaka utoke wote. Mwanzoni fisi alikuja nikiwa nimeshaondoka. Baadaye nikigonga mara tatu tu, huyo hapo ng'ambo, sikio moja limechanika, anangoja. Nikamzoea.

Sikumwambia mtu. Kwetu mtoto hakuongea mbele ya wakubwa. Ukifungua mdomo, kofi. Baba hakupiga kwa hasira, alipiga kama anayefukuza nzi. Ikafika mahali wakubwa wakikaa tu, ulimi wangu unakauka wenyewe.

Mahindi yalipokomaa, nyani wakavamia shamba la Ama Tekla. Akachukua debe, akapiga. Nyani wakakimbia, fisi akaja. Akapiga kwa nguvu zaidi ili amfukuze, fisi akazidi kusogea. Jirani yetu Boay aliyaona hayo akiwa njiani.

Kesho yake jioni walikwenda kwake wanaume kama kumi na watano, balozi wa nyumba kumi akiwa mbele, na baba yangu alikuwamo. Sisi watoto tukafuata nyuma.

"Piga debe, Ama," Boay akasema.

"Nyani wameshaondoka. Nipige la nini?"

"Piga tumwone mkweo."

Wakacheka. Ama Tekla akapiga. Fisi alipotokea ng'ambo ya korongo na kusimama akitutazama, hakuna aliyecheka tena.

"Umemwita mwenyewe, sote tumeona," balozi akasema.

"Namfukuza, wanangu. Hili debe ni la kufukuzia."

Kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nimeshaelewa, mambo yenyewe yalikuwa wazi kama mchana. Nikafungua mdomo. Baba akageuza shingo tu, mikono yake ingali mfukoni. Nikaufunga.

Waliezua nyumba yake palepale. Mahindi wakayafyeka, ng'ombe wakala. Alipojaribu kuokoa masanduku yake walimpiga mpaka mkono ukavunjika. Alfajiri alishika njia ya Mbulu kwa miguu, mkono ameufunga kwa kanga.

Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejisomea mwenyewe, na katika kitabu kimoja kisicho na jalada nilikuta habari za mbwa waliozoeshwa kengele kabla ya chakula, hata wakawa wanadondokwa na mate kwa kengele tupu. Mwandishi alieleza kama jambo la ajabu. Nilikitupa kile kitabu ukutani.

Nilimtafuta Ama Tekla nikiwa na watoto wawili. Alikuwa anaishi kwa mpwa wake huko Mbulu, mkono umepinda.

"Ama, yule fisi nilimzoesha mimi."

"Najua. Nilikuwa nakuona toka mlangoni kwangu, kila mnada."

"Mbona hukusema?"

"Ningekutaja wangekuacha? Wangesema wachawi tuko wawili." Akapepeta maharage kidogo kwa mkono mzima. "Lakini moyo ulikungoja. Hata njiani, nikisikia hatua nyuma, niligeuka. Nikadhani ni wewe unakuja na baba yako."

Siku hizi watu wananiogopa kwa mdomo. Diwani, padri, mkwe, yeyote akikosea namwambia usoni, na kwa hilo najivunia. Wanasema nilizaliwa hivyo. Si kweli. Nilikwenda Mbulu mwezi mmoja baada ya kumzika baba. Kabla ya hapo, kila nilipoipanga safari hiyo, koo lilikauka. Ama Tekla hakuniuliza kwa nini nilichelewa miaka yote hiyo, nami, msema kweli, sikumwambia.