Kwenda Kikoneni Kuitafuta Petroli Iliyopotea

Wengine husafiri kutembea, wengine huenda kuposa au kuzika. Mimi niliondoka Ukunda kwa hasira. Kaka yangu Kassimu alikuwa amemwita shemeji yetu Bakari mwizi wa petroli, tena mbele ya wanaume wanne waliokuwa wakinywa kahawa kwenye baraza ya duka lake.

Nieleze kidogo. Mimi na kaka tunafua mashuka ya nyumba za wageni huko Diani. Bakari, mume wa mdogo wetu Mishi, ndiye aliyekuwa akiendesha gari letu: gari dogo la Kijapani ambalo ukilipakia mabunda ya mashuka nyuma, huoni tena kitu kwenye kioo. Aliyetuuzia alitupigia kifua kwamba linakwenda kilomita ishirini kwa lita moja, na kaka akaishika ishirini ile asiiachie. Siku hiyo alichukua umbali wa kwenda Diani na kurudi, akauzidisha kwa safari za mashuka, akagawanya kwa ishirini. Petroli iliyozidi, akasema, Bakari ameinyonya kwa mpira akawauzia watu wa bodaboda.

Bakari hakujibu neno. Aliweka ufunguo juu ya meza, akamchukua mkewe, wakaenda kwa mama yake Kikoneni. Kaka hakutosheka. Alitangaza kwamba Ijumaa ya wiki ya pili, baada ya swala, ataita watu wasome halbadiri. Kwa asiyejua, hicho ni kisomo cha kumshtakia mwizi kwa Mwenyezi Mungu, na watu hukiogopa kwa sababu hakuna ajuaye kitamwangukia nani. Mishi ni mjamzito. Habari ya kisomo ilimfikia njiani kwa simu, akanipigia analia hata nisiweze kumsikia vizuri.

Nikamwambia kaka, "Kabla hujamsomea mtu, lipime gari."

"Gari linapimwaje? Kwani ni kitambaa?"

Nikauchukua ufunguo pale juu ya meza.

Jumamosi asubuhi, Ukunda. Nilianzia kituo cha mafuta. Anayetia petroli pale ni dada mmoja wa bara, mchangamfu.

"Mathe, niweke ya ngapi leo?"

"Jaza."

"Full tank? Wueh, umeomoka!"

Nilikasirika kuambiwa nimetajirika, kisha nikaona ana haki ya kushangaa. Sisi hatujazi. Tunanunua petroli kama tununuavyo sukari ya kupima: tia ya mia tano, tia ya mia tatu, na jioni tunalaumiana. Nani atajua gari linakunywa kiasi gani ikiwa tangi halijawahi kujaa? Mimi hupima sabuni ya maji kwa kujaza debe hadi mstari mmoja, nikafua, kisha nikajaza tena hadi mstari ule ule; kilichoingia ndicho nilichotumia. Petroli nayo ni hivyo hivyo. Nilimwomba dada aendelee polepole baada ya pampu kujikata, mpaka mimi mwenyewe nikaiona petroli kwenye shingo ya tangi. Nikarudisha sifuri ile saa ya kuhesabu kilomita, nikaondoka.

Kutoka Ukunda hadi Msambweni. Watu husema barabara hii ni nzuri, na kwa lami ni nzuri kweli. Lakini nani aliyeyapanda matuta yale? Hujamaliza kushika mwendo, tuta. Unapunguza, unabadilisha gia, unaanza upya kumsukuma punda aliyelala. Gari hulewa petroli pale pale linapoondoka kwenye tuta. Nilimkumbuka yule muuzaji na ishirini yake, nikamwapiza kwa sauti peke yangu ndani ya gari. Ishirini hiyo aliipima wapi? Juu ya zulia?

Nikaanza kulisikiliza gari. Juu ya paa kuna keria ya chuma tuliyoifunga ili kubeba sufuria kubwa za shughuli, zile za kupikia pilau ya watu wengi. Upepo ulikuwa ukipiga keria ile ukilia huu, huu, na kila nilipozidisha mwendo kelele ikawa kubwa zaidi. Ulikuwa ni upepo tunaousukuma kila siku kwa petroli, na hakuna aliyewahi kuuona kuwa ni mzigo, maana kwenye mzani upepo ni bure.

Msambweni. Nilisimama kununua maji karibu na gereji ya fundi mmoja, Omari, ninayemfahamu tangu tulipokuwa madrasa. Akalizunguka gari, akapiga tairi kwa kiatu.

"Tairi zako zimelegea, dada Tumu. Ngoja nizijaze upepo."

"Usiguse."

"Nisiguse?"

"Nalipima lilivyo. Ukilitengeneza sasa, kaka atasema tumelipamba."

Akainama, akaweka kiganja karibu na ringi ya nyuma ya kushoto, akakiondoa upesi. "Hii breki inashika. Gurudumu linazunguka huku limekamatwa. Unaendesha gari na kulizuia kwa wakati mmoja, unajua?"

Sikuwa najua. Nilishikwa na uchungu. Bakari alikuwa amemwambia kaka zaidi ya mara moja kwamba gari ni zito upande wa nyuma, na kaka akamjibu kwamba aliye mzito ni yeye.

"Nitapita wakati wa kurudi," nikamwambia Omari. "Leo liache na maradhi yake."

Njia ya Kikoneni. Baada ya Ramisi na mashamba ya miwa niliiacha lami kuu, nikaelekea bara. Hapo nchi inapanda na kushuka, udongo ni mwekundu, mihogo huku na mihindi kule. Kwa ajili ya kipimo niliendesha kama Bakari aendeshavyo, taratibu, nikiuondoa mguu kwenye mafuta mapema kabla ya mteremko. Nilisimama mara moja tu, kwa bibi aliyekuwa na kikapu na kuku wawili. Kipimo au si kipimo, huwezi kumpita mtu mzima juani na kiti ki wazi.

Kikoneni. Mama yake Bakari alinipokea mlangoni. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia marahaba, lakini uso haukufunguka.

"Umekuja na polisi au umekuja peke yako?"

"Peke yangu, mama. Nimekuja na aibu."

"Basi kaa kitako. Aibu nayo huketishwa."

Alinipa muhogo wa nazi. Mishi akaja akakaa karibu nami, miguu imemvimba, akauliza jambo moja tu: kisomo bado kipo? Nikamwambia bado. Akauweka mkono tumboni. Nilitamani kaka Kassimu awe pale amtazame.

Bakari alirudi kutoka shambani na jembe begani. Tulisalimiana vizuri, tukaulizana hali za nyumbani kama watu wasio na neno baina yao. Nikamweleza habari ya breki, tairi na keria. Akatikisa kichwa tu, hayo aliyajua. Ndipo nikamuuliza swali lililonileta.

"Shemeji, gari ni bovu, sawa. Lakini hata nikilitolea udhuru huo, petroli ya mwezi huu bado imezidi. Imekwenda wapi? Na kwa nini ulinyamaza?"

Akaweka jembe chini. "Ningejibu nini, dada Tumu? Nisimame mbele ya wale wanne pale barazani nianze: siku fulani nilipeleka sufuria kwa mzee Salimu, kwenye matanga ya nduguye, nikangoja mpaka watu wakala, nikazirudisha? Nimwambie Hamisi nilimbeba mamake hospitali Msambweni, na nikarudi tena kumchukua maiti? Wale watu wa Mkwiro niliwafikisha bandarini Shimoni na sanda yao, niwataje?"

"Uwataje! Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli, na hayo ni masimango. Jambo la maiti ukilihesabu, umelisimanga. Isitoshe aliyenituma kote huko ni kaka yako. Yeye akinituma kwenye matanga haoni kuwa ni safari. Anaona ni wajibu. Safari kwake ni mashuka."

Nilibaki na tonge mkononi. Alikuwa amesema jambo ambalo sote tunaliishi na hakuna anayelitamka. Kwetu gari la mmoja ni la msiba wa wote, na hatulihesabu, kwa kuwa ni aibu kulihesabu. Lakini gari halijui heshima hiyo. Petroli ya thawabu hutoka kwenye tangi lile lile. Kaka alihesabu mashuka peke yake, akaacha mazishi nje ya hesabu, kisha akamdai maskini wa Mungu yule tofauti.

"Yaani ulikuwa tayari usomewe halbadiri kuliko kusimanga?"

"Mimi najijua sikuiba," akasema Bakari. "Wasome."

Mama yake alikuwa nyuma yetu akipepeta. Akasema bila kuinua macho, "Yeye anajijua. Na huyu mwenye mimba, je? Hofu aliyonayo nani atamwondolea?"

Usiku Mishi alinitajia safari nyingine ambazo mumewe hakuzitaja: viti vya harusi, jeneza.

Jumapili, kurudi. Walinipakia magunia ya muhogo, mkungu wa ndizi na madafu, maana gari haliondoki Kikoneni tupu. Sikupinga. Bakari nilimwambia apande turudi, akakataa. Alisema alitoka kwa kuitwa mwizi, hawezi kurudi kwa kuitwa na dada.

Msambweni nilijaza tena tangi hadi shingoni, gari likiwa mahali tambarare, nikagawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Kumi na moja. Nikahesabu mara ya pili kwa simu: kumi na moja na kitu kidogo. Kaka alikuwa akimdai mtu ishirini kutoka kwa gari linalotoa kumi na moja, na hiyo ni safari ndefu, bila foleni ya Diani. Nilimkabidhi Omari gari. Akaifungua breki ile na kuisafisha, akajaza tairi, akapuliza chujio la hewa lililojaa vumbi kama mfuko wa unga. Keria tukaifungua tukaiacha kwake. Nilipoondoka nilihisi tofauti hata kabla ya tuta la kwanza. Ukiachia mguu, gari linaserereka lenyewe.

Wiki ile niliendesha mimi mashuka ya Diani, na kila safari nikaihesabu, hata ile ya kumpeleka jirani kliniki. Kaka alipopenda kuketi ndani ya gari akiongea na simu, injini inanguruma na AC imewashwa, nilinyoosha mkono nikazima. Alinitazama kama niliyemnyang'anya chakula. Alhamisi nikajaza tena. Gari lilitoa kumi na tano, pamoja na matuta yake.

Ijumaa, Ukunda. Baada ya swala walikusanyika barazani wale wanaume wanne, na kaka amekwishatandika mkeka. Nilisimama mbele yao, jambo ambalo si kawaida yangu, nikawapa habari ya kumi na moja na kumi na tano.

Kaka alifurahi! Hasa, alifurahi. "Alhamdulillahi! Kumi na tano! Mnaona? Kumbe breki tu." Akawageukia wenzake kuwaeleza faida ya kuondoa keria, kana kwamba ni yeye aliyekuwa chini ya gari. Jina la Bakari halikutajwa.

"Sijamaliza," nikasema. "Bakari hakutaka kusimanga. Mimi nitasimanga, na dhambi yake iwe juu yangu."

Nikawatajia. Mzee Salimu, matanga ya nduguye, sufuria kwenda na kurudi. Hamisi, mamake, hospitali, kisha maiti. Wa tatu, harusi ya bintiye, viti na maji. Wa nne, jeneza. Nikamtazama kaka, "Na aliyetuma kote huko ni wewe. Mkitaka kusoma, someni sasa. Lakini jueni petroli mnayomsakia mwizi mmeinywa ninyi, na mtakuwa mmejisomea wenyewe."

Hamisi alikuwa wa kwanza kuinua miguu yake kutoka kwenye mkeka. Kikombe cha mzee Salimu kilibaki mkononi hakiendi kinywani. Kaka alikuna ndevu, akasema, "Basi yameisha. Nitampigia simu, arudi kazini."

"Kwa simu? Ulimwita mwizi kwa simu?"

Aliyejibu ni mzee Salimu, kwa sauti ya chini: "Kassimu, amka. Tulisikia sote, tutakwenda sote."

Nimejifunza mengi katika safari hii: tairi laini hula petroli, breki inayoshika huila zaidi, na tangi usilolijaza haliwezi kukwambia kitu. Nimejifunza pia kwamba mtu anaweza kupima vyote hivyo, vikakubali, na bado akaona haya kutamka nisamehe.

Kesho yake asubuhi waliondoka watano kwenda Kikoneni, wakiwa wamebanana mabega, mchele na sukari vimepakatwa magotini, na mbuzi wa kuombea radhi kule nyuma kwenye nafasi ya mashuka. Kaka alikuwa usukani. Gari lilikuwa limekaa chini hata likalikwaruza tuta la kwanza pale mtaani. Nilijua siku ile litakunywa petroli kuliko siku zote. Linywe.