Vidole Kumi vya Oboth

Oboth alikuwa wa kwanza upande wetu wa Busia kufungua kompyuta kwa kidole, na hakutupa nafasi ya kulisahau hilo. Mimi hupiga picha za pasipoti kibanda cha pili. Yeye huwajazia watu fomu za mtandaoni. Zamani nywila zake aliziandika kwenye daftari, mpaka mteja mmoja akachungulia. Oboth akalichoma daftari. Akaiachia kompyuta itunge nywila yenyewe, ndefu, asizozijua hata yeye, na zote zikafungwa nyuma ya kidole. Alisajili vidole vyote kumi, eti kimoja kikikatika vibaki tisa. Nywila kuu ya dharura aliitunga mara moja, miaka mitatu iliyopita, basi.

Aprili walikuwa na lumbe ya baba yake huko Kirewa, ile sherehe ya kumaliza matanga. Ukoo uliamua kaburi lisakafiwe na wana wa marehemu wenyewe, si fundi wa kukodi. Oboth, kifungua mimba, alikanda saruji kwa mikono mitupu siku mbili. Alirudi Jumatatu viganja vimebabuka, ncha za vidole laini kama ganda la yai, alama zake zimeliwa na saruji.

Binti yake Abbo alikuwa akimsubiri kibandani. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi, na ilibidi aithibitishe kwenye tovuti ya chuo kabla ya saa kumi na moja jioni hiyohiyo, la sivyo apewe mwingine. Akaunti yake na barua pepe yake alifunguliwa na Oboth kwenye kompyuta hiyohiyo, nywila zake nazo zikiwa nyuma ya kidole.

Oboth akagusa. Kompyuta ikakataa.

"Baba, jaribu ya mkono ingine."

"Mimi najaribu yote, mama."

Akabahatisha nywila kuu: jina la mama yake, jina la kijiji, jina la ng'ombe. Mashine ikamfungia nusu saa. Nikapiga simu chuoni. Msichana aliyeipokea akasema wanathibitisha kwa tovuti tu, tubonyeze pale penye "nimesahau nywila". Tukabonyeza kwa simu yangu. Ujumbe ukatumwa kwenye barua pepe ileile tusiyoweza kuifungua. Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Oboth akanawa, akapaka mafuta, akapuliza vidole. Simjui mtu mbishi kumshinda, na siku hiyo nilimwona akiishiwa. Saa kumi na moja ikapita. Abbo akamshika mkono, akaugeuza.

"Ngozi itarudi, Baba."

Yeye ndiye aliyekuwa akibembeleza, na hilo liliniuma kuliko yote.

Ngozi ilirudi kweli, baada ya siku kumi na moja. Abbo alishakwenda Masinya kwa shangazi yake kulima muhogo. Oboth aligusa mara moja tu, kompyuta ikafunguka. Kwenye barua pepe ya binti yake, mbali na ule ujumbe wa nywila, kulikuwa na jumbe tatu za chuo, zote za kumkumbusha asichelewe. Alizisoma polepole, kisha akaniuliza kama bado inafaa kuwajibu. Nilimwambia sijui.