Kunde za Miale na Mama Yangu

Mwaka ule, uhuru ukizungumzwa kila baraza, mume wangu alirudi kutoka bandari ya Wesha na mifuko miwili ya mbegu za kunde, ameikumbatia kama aliyepewa watoto pacha. Alikuwa bwana shamba msaidizi pale Chake Chake, na alikiamini kila kitu kilichofungwa kwa lakiri. Mfuko mmoja ulikuwa na kunde za kawaida. Mbegu za mfuko wa pili zilipitishwa kwenye miale huko Ulaya, miale kidogo tu, ili ijulikane kama protini yake, ile inayojenga mwili, itaongezeka, itapungua au itabaki vilevile.

"Miale inaingia ndani ya mbegu," alinieleza, "inagusa ule mpangilio ambao mmea unaufuata kutengeneza protini. Ikiwa nyingi, mbegu inakufa. Ikiwa kidogo, hatujui. Ndiyo maana tunapanda."

"Na sie tutakaokula?"

"Hakuna atakayekula. Zikikauka zinapelekwa kupimwa."

Kunde ziote nyuma ya nyumba yetu ya Gombani, na asile mtu! Nilicheka mpaka akanuna. Alizipanda pande mbili, akaacha njia katikati, akaniapisha nisichume hata jani, kwa sababu mmea uliochumwa majani haulishi punje zake sawasawa.

Mimi nilitimiza ahadi. Mama yangu hakuahidi kitu.

Alikuja kwetu kutoka Kisiwa Panza baada ya eda ya baba kwisha. Nilimchukua kwa sababu alikuwa hataki kula. Hakuwa mgonjwa, hamu ya chakula ilikuwa imemtoka tu. Alikuwa akila tonge moja, anasema Alhamdulillahi, anasukuma sahani. Kanga zilimpwaya, na mifupa ya mabega ilionekana. Niliogopa nitazika wazazi wote wawili mwaka mmoja, na hofu hiyo sikumficha mtu.

Kumleta kwangu kukazua taabu nyingine. Kwetu, mkwe na mkwe huheshimiana mpaka wakakoseshana raha. Mama hakula mbele ya mume wangu, hakumtazama usoni wala hakumsemesha. Mume wangu naye akimwona uani aliinamisha kichwa na kupita kandokando ya ukuta kama mdaiwa. Wakitaka kuambiana jambo, nilitumwa mimi, hata kama wamesimama uani pamoja.

"Mwambie mama mvua inakuja, aingie ndani."

"Mwambie nimeiona."

Nilikuwa mkalimani wa watu wawili wenye lugha moja, na nilichoka.

Siku moja nilirudi kutoka sokoni nikamkuta mama jikoni, anapika mboga ya kunde kwa tui.

"Mwanangu, ushakuwa mvivu," akaniambia. "Kunde zaota mpaka zaanguka, na ntu hachumi? Mie n'mechuma zile za upande wa kule, zina majani mapana, laini."

Za upande wa kule ndizo za miale. Nilifungua mdomo nimwambie, nikaona anajipakulia. Akala sahani nzima. Nikaufunga mdomo.

Aliendelea kuchuma na kula, na mashavu yakaanza kurudi. Nilikuwa nikimchungulia anavyotafuna, nashukuru Mungu. Kisha mume wangu akaenda kukagua shamba lake, na nikamsikia kabla sijamwona. Upande wa kawaida ulikuwa umesimama salama. Upande wa miale umebaki vikonyo. Akaja jikoni, mama akiwa palepale, akazungumza nami huku anatazama dari.

"Muulize mama nani kachuma kunde."

"Mwambie ni mie," alisema mama, uso ukutani.

"Mwambie zile zimepigwa miale! Protini ikipungua sasa, nitajuaje kama ni miale au ni mkwe?"

Hilo sikulifikisha, wala halikuhitaji kufikishwa. Mama aliweka mwiko chini akaenda chumbani. Jirani yetu, mwanamke asiyepitwa na sauti yoyote, akaja kumjulia hali, akamweleza kwamba miale ndiyo hiyohiyo ya bomu linalotajwa redioni na kwamba mla kunde zile atang'aa. Mama alijitazama mikono, akaona haing'ai, lakini kula akaacha. Hakuacha kunde peke yake. Aliacha wali, samaki, hata uji.

Nilimwendea mume wangu na hasira zangu zote.

"Ndiyo kwanza alikuwa kaanza kula!"

"Lakini miale haibaki ndani ya jani. Ilipita kwenye mbegu, ikaisha."

"Usiniambie mimi. Mwambie yeye."

"Nitamsemeshaje mama mkwe?"

Asubuhi ya pili aliingia shambani. Vikonyo vilikuwa vimeanza kuchipua tena, na machipukizi yale ndiyo yaliyokuwa tumaini lake la mwisho la kupata punje za kupeleka. Aliyachuma yote. Wakubwa walipomwuliza baadaye, alijibu kwamba jaribio limeharibika, na protini ya kunde zile haikupimwa kamwe. Kipimo pekee kilichopatikana ni mashavu ya mama yangu.

Aliyachemsha mwenyewe, mtu ambaye hajawahi kuchemsha hata maji ya chai, akatandika mkeka mbele ya mlango wa mama, akaketi na chungu mbele yake.

"Mama," akasema, "kanga ikianuliwa, jua halibaki ndani yake. Na majani haya ni hivyohivyo. Nakula mimi, nitazame."

Akala. Mama alichungulia mlangoni. Nilimwona mume wangu akitafuna na kukunja uso, anameza kwa nguvu, anachota tena. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi. Mama alivumilia, akashindwa, akatoka.

"Baba," akamwambia, na alimtazama usoni, "hii hukutia chumvi."

"Sikujua, mama."

"Wala tui?"

"Wala tui."

"Lete hiko chungu. Ntu hali hivi."

Akakirudisha jikoni, akatia chumvi, akakuna nazi, akakamua tui, akaonja, akaongeza chumvi, akaonja tena. Alipotoka alikuwa na sahani moja. Akaiweka katikati ya mkeka na kuketi upande wa pili, nami machozi yakanitoka.

"Kula, baba, isije ikapoa," akasema, naye akachota lake.