Shangazi Koku, Mgongo Wake na Mwalimu wa Kwenye Simu

Nilitoka Ijuganyondo asubuhi kwa sababu baba alisema mtu asiye na kazi ndiye wa kutumwa. Binti wa Shangazi Koku, aliyelelewa kwetu, anaolewa, na wakwe walikuwa wanakuja nyumbani Jumamosi. Shangazi alikuwa amekataa kufika. Mgongo unamuuma miaka mingi. Kwenye msiba mmoja alipiga magoti kusalimia wakubwa, kama wanawake wa kwetu wanavyofanya, akashindwa kuinuka. Wanaume wakambeba kama mkungu wa ndizi. Tangu hapo hatoki, na anayemtembelea hufokewa. Sasa tukasikia anasoma mtandaoni jinsi ya kuishi na maumivu.

Hadi Kemondo nilipewa lifti na lori la mbao. Dereva aliuliza niendako.

"Kumchukua shangazi. Anafundishwa na simu kuumwa."

"Kuumwa si anajua tayari?"

Nikampenda papo hapo.

Muleba nilifika mchana. Shangazi alikuwa barazani, simu kaiegemeza kwenye birika. Sauti laini ilikuwa ikimwambia afikirie ufukwe tulivu.

"Ufukwe," nikasema. "Wenye mbu na dagaa wanaonuka."

"Ndiyo maana mimi nafikiria migomba. Kaa, mwana wa kaka. Leo sikufokei."

"Mgongo umepona?"

"Haujapona, na hawakusema utapona. Wananifundisha kuitambua hofu ikija, na hasira ikija, nipumue kwanza kabla sijafunga mlango."

Nikamwambia bibi alitufundisha hayo bure, bila bando.

"Bibi yako alisema vumilia," akajibu. "Hiyo nilishaijaribu."

Kisha akasema atakuja, lakini hatapiga magoti, na atawaambia wakwe hivyo mwenyewe.

"Utauaibisha ukoo mzima."

"Wewe umeanza lini kuuonea ukoo huruma?"

Jumamosi, Ijuganyondo, sebule ilikuwa imejaa. Shangazi aliingia, akashika fremu ya mlango, akapumua taratibu kama simu ilivyomfundisha. Nilitamani nisiwepo.

"Waitu," alisema, akiwaita kwa heshima ya kwetu, "mgongo wangu hauniruhusu kupiga magoti. Heshima yenu naitoa nikiwa nimesimama."

Baba alitazama sakafu. Baba mkwe, mzee wa koti zito, alikunja uso kama aliyetafuna kahawa mbichi. Mkewe alikuwa ameanza kupiga magoti amsalimie baba yangu. Akaishia katikati, akajinyoosha.

"Basi na mimi," alisema. "Goti hili la kushoto nalidanganya miaka yote kuwa ni zima."

Mzee akawatazama wanawake wawili waliosimama.

"Kaeni," alisema hatimaye. "Ndizi zinapoa."

Jumapili nilimrudisha Muleba kwa gari. Bado namdharau yule mwalimu wa ufukwe. Hajawahi kunusa dagaa hao. Ila nimejifunza kwamba tulichokuwa tukikiita uvumilivu kilikuwa ni kumtaka shangazi aumwe bila kutusumbua.

Baada ya Kanazi gari liliingia shimoni, naye akaguna.

"Mgongo?" nikauliza.

"Mgongo tu," akasema, akaendelea kutazama migomba.